Magango ya Miguu kwa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa chama)



Sisi watatu tuliochaguliwa tuangalie habari za watoto wa wanachama wenye ulemavu wa miguu, tumeona si vema kuleta hesabu tupu. Tumeona heri tueleze kwanza jambo lenyewe lilivyo, ili kila mmoja apige kura yake akijua aipigia nini. Maana katika mkutano uliopita yalisemwa maneno mawili. La kwanza, ya kuwa shauri hili ni la wachache. La pili, ya kuwa ni la mara moja, yaani mtoto akiisha kupewa vyuma vya miguu, mambo yamekwisha. Twataka kuyajibu yote mawili, na hasa hilo la pili, kwa kuwa ndilo linaloharibu miguu ya watoto.

Tuanze na ugonjwa. Mtindio wa ubongo, ijapokuwa twauona miguuni, si ugonjwa wa miguu. Siku ya kuzaliwa mifupa ya mtoto yaweza kuwa mizima, na nyama yake nzima. Kilichodhurika ni ubongo, ambao ndio mkuu wa ofisi atoaye amri kwa viungo vyote. Ukidhurika kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya utoto, amri haziendi sawasawa. Mtoto huyu misuli yake hukazana kama kamba iliyolowa maji. Yule viungo vyake huchezacheza pasipo kupenda kwake. Na mwingine huyumba asipate kusimama imara. Mmoja hudhurika miguu miwili, mwingine mkono na mguu wa upande mmoja, mwingine mwili mzima.

Sababu zake zajulikana. Ziko kuzaliwa kabla ya siku, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Basi asiwepo mtu wa kumtupia mama lawama, wala wa kumnyoshea jirani kidole kwa habari za uchawi. Wala watoto hawa si wachache. Katika nchi jirani ya Uganda wataalamu walipima watoto katika wilaya za Iganga na Mayuge, na taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2017 yaonyesha ya kuwa karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Kwa kipimo hicho, wilaya yenye watoto 100,000 yaweza kuwa nao 300. Wengi wao hatuwaoni barabarani, kwa sababu wako ndani ya nyumba. Asiyeonekana si kwamba hayupo.

Habari hizi si ngeni duniani. Mwaka 1861 mganga Mwingereza, William John Little, aliyekuwa na mguu uliopinda tangu utoto wake, aliwasomea waganga wenzake wa London maelezo ya watoto wenye miguu iliyokazana, akauhusisha ugonjwa wao na shida za kuzaliwa. Kwa muda mrefu ugonjwa huo uliitwa kwa jina lake. Na zaidi ya miaka 100 kabla yake, mwaka 1741, Mfaransa Nicolas Andry alitoa kitabu juu ya kunyosha viungo vya watoto, na ndani yake mna picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kamba kwenye nguzo iliyonyoka. Hata leo waganga wa mifupa wautumia mti huo kama alama ya kazi yao.

Picha hiyo ni nzuri, lakini imewadanganya wengi. Mtu akiitazama hudhani ya kuwa mti ukifungwa siku chache hunyoka, na kamba ikatupwa. Kwa mtoto wetu sivyo. Upepo ulioupinda mti haujatulia, maana ubongo ungali unatuma amri zile zile za kukaza. Tena mti wenyewe unakua, na kamba iliyoufaa mwaka huu, mwaka ujao itaukata gome.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Jeraha la ubongo halikui, lakini mtoto hukua. Mifupa yake hurefuka kila mwaka, na misuli iliyokazana hairefuki kwa mwendo ule ule. Shavu la mguu huvuta kisigino juu, mtoto akatembea kwa ncha za vidole. Goti nalo huanza kukunjika, na wayo hulala upande. Mwanzoni mzazi akiukunja mguu polepole kwa mkono wake, wayo hufika mahali pake. Baada ya miaka haufiki tena hata kwa nguvu, maana msuli umekuwa mfupi kweli kweli. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Hakika neno hilo halina mahali linapofaa kuliko hapa.

Sasa tuseme juu ya gango. Twalitumia neno hili kwa kuwa ni neno letu la zamani, la kitu kishikacho kiungo mahali pake. Mitaani watu husema vyuma vya miguu, na mafundi wenyewe hutumia herufi tatu, AFO, kwa lile la wayo na kifundo. Jina la vyuma limetoka zamani za ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ambapo watoto wengi walivalishwa fimbo mbili za chuma na mikanda ya ngozi tangu pajani hata kiatuni. Ugonjwa ule umepigwa vita sana, na mwaka 2020 Bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena virusi vya asili vya polio. Lakini yafaa tujue tofauti. Mguu wa polio ni mlegevu, hauna nguvu, nao hutaka kitu cha kuubeba. Mguu wa mtindio wa ubongo aghalabu una nguvu ivutayo upande usiotakiwa, nao hutaka kitu cha kuuongoza. Kwa hiyo asije mzazi akatafuta vyuma virefu vizito vya marehemu mjomba, akamvika mtoto wake.

Gango la siku hizi ni la plastiki, na hutengenezwa hivi. Kwanza fundi huupima mguu, akautazama mtoto anavyosimama na anavyokwenda. Kisha huufunga mguu kwa bandeji iliyolowa plasta, akiushika wayo katika hali inayotakiwa mpaka plasta igande. Ganda hilo hukatwa, likatolewa, likamiminwa plasta ndani yake, ikapatikana sanamu ya mguu. Fundi huichonga sanamu hiyo kwa makini, akipunguza hapa na kuongeza pale, hasa penye mfupa uliotokeza, pasije pakasugua. Bamba la plastiki hutiwa katika tanuri mpaka lilainike, likafunikwa juu ya sanamu, na mashine ikanyonya hewa ili plastiki ishike sawasawa. Likiisha kupoa hukatwa, kingo zake zikalainishwa, likatiwa mikanda. Halafu mtoto huitwa tena kujaribiwa. Kama tujuavyo kwa fundi cherehani, nguo ya kupima haimfai mtu mwingine. Na nguo ikibana huchusha tu, lakini gango likibana hufanya kidonda.

Tena magango si ya namna moja. Liko gumu lisilokunjika kifundoni, kwa mguu unaokazana sana. Liko lenye bawaba, kwa mtoto awezaye kukunja kifundo akipanda na kushuka. Na liko lenye bamba la mbele chini ya goti, ambalo ardhi ikikanyagwa husukuma goti nyuma, lisizidi kukunjika. Kuchagua ni kazi ya fundi na mganga, wakishauriana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wala si kazi ya muuza duka.

Mwaka 1997 wataalamu, Robert Palisano na wenzake, waliwapanga watoto hawa katika daraja 5. Msidhani ni daraja za mshahara. Wa daraja la 1 na la 2 hutembea wenyewe. Wa la 3 hutembea kwa kushika kifaa mkononi. Wa la 4 aghalabu huhitaji kiti cha magurudumu. Na wa la 5 husukumwa katika kiti. Faida ya gango hufuata daraja. Kwa awezaye kwenda, gango husaidia kisigino kufika chini na hatua kuwa ndefu zaidi. Kwa asiyeweza kwenda, humsaidia kusimamishwa, na kukaa vizuri nyayo zikiwa zimetulia, na kuvaa kiatu kama watoto wenzake. Hiyo nayo si faida ndogo.

Lakini haki yatutaka tuseme na yale ambayo gango haliyafanyi. Haliponyi ubongo. Halimpi mguu asiyekuwa nao, wala halimfanyi mtoto wa daraja la 5 kuwa wa daraja la 1. Haijathibitika ya kuwa gango peke yake laweza kuzuia misuli isifupike. Hufaa pamoja na mazoezi ya kila siku na kuangaliwa mara kwa mara. Halilindi nyonga, ambazo kwa watoto hawa huweza kutoka mahali pake polepole pasipo kelele, na kwa hiyo hupaswa kupigwa picha ya eksirei kwa vipindi. Na kama wayo umekwisha kugoma kufika mahali pake, gango halitaushinda, litauchubua tu. Hapo mganga huweza kwanza kuufunga plasta na kuibadilisha kila wiki moja au mbili, ili msuli unyoke kidogo kidogo, ama kupiga sindano ya kulegeza msuli, ama kupasua na kurefusha kano. Mtu akikuahidi zaidi ya haya, mwogope.

Sasa yafuata mambo ya nyumbani, na twaomba wazazi wayashike. Mtoto avae soksi ndefu ya pamba, isiyo na mikunjo. Kisigino kikae chini kabisa ndani ya gango kabla ya kufunga mikanda, na ukanda wa kifundoni ndio ufungwe kwanza. Siku za mwanzo avae kwa muda mfupi, na muda uongezwe kama fundi alivyoagiza. Kila likivuliwa, mzazi autazame mguu wote. Wekundu utowekao upesi si neno. Bali wekundu ukidumu zaidi ya nusu saa, au ngozi ikichubuka, gango liwekwe kando na fundi aarifiwe. Mtoto asitembee juu ya gango pasipo kiatu, kwa maana plastiki huteleza. Kiatu chake kiwe kikubwa kuliko cha kawaida, chenye mdomo mpana, na cha kufunga. Gango lioshwe kwa maji na sabuni, lipanguswe, wala lisianikwe karibu na moto, kwa maana plastiki iliyofinyangwa kwa joto hupotoka kwa joto. Mshona viatu wa mtaani aweza kushona ukanda uliokatika. Asiruhusiwe kulipasha moto na kulikunja. Wala asivae mtoto gango la mwenzake, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

Haya yote mzazi mwenye moyo aweza. Liko jambo moja asiloliweza peke yake, nalo ndilo lililotuleta mbele yenu. Gango hupitwa na mtoto. Kwa mtoto akuaye upesi huweza kuwa dogo katika miezi 6, na mara nyingi mwaka mmoja ndio mwisho wake. Hesabuni wenyewe: mtoto aanzaye akiwa na miaka 3, kama abadilisha mara moja tu kwa mwaka, mpaka afike miaka 15 atakuwa amevaa jozi 12 na zaidi. Na kila jozi ni safari ya kupimwa, safari ya kujaribu na kupokea, na pengine safari ya kurekebisha. Basi neno lile la kuwa jambo hili ni la mara moja, mwaona lilivyo mbali na ukweli.

Mafundi wapo. Tangu mwaka 1981 kiko Moshi, penye hospitali ya KCMC, chuo cha kuwafundisha mafundi wa viungo vya bandia na magango, kijulikanacho kwa jina la TATCOT, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Karakana ziko pale Moshi, na Dar es Salaam katika hospitali ya CCBRT, na mahali pengine penye hospitali kubwa. Lakini mtumishi wa Serikali hakai mahali penye hospitali kubwa kwa hiari yake. Hukaa alikopelekwa.

Tutoe mfano mmoja, wala hatutataja jina la mtu wala la ofisi. Mwenzetu mmoja, karani, alihamishwa mwaka ule ule binti yake alipopata magango yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kwenda akishika ukuta, kisigino kikigusa chini. Kituo kipya kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa basi mpaka karakana. Aliomba ruhusa ya siku 5, akajibiwa angoje mwisho wa mwaka wa hesabu. Akaomba tena, barua haikujibiwa. Magango yakambana mtoto, yakamfanya kidonda kifundoni, na mama akayaweka juu ya kabati, kama mama yeyote mwenye akili angalifanya. Miaka 2 ikapita. Leo kisigino cha mtoto yule hakishuki tena, naye angoja kupasuliwa. Na baada ya kupasuliwa atahitaji magango vile vile. Tumeihesabu nauli ambayo ingaliepusha hayo. Ni ndogo kuliko tulivyotumia kwa chai na viti vya mkutano huu.

Ndugu wanachama, sisi ni watu wa majalada. Kila karani ajua ya kuwa jalada lisilokwisha haliwekwi kabatini likasahauliwa. Huandikwa tarehe, na tarehe ile ikifika hurudishwa mezani, hata kama mkubwa amebadilika, hata kama karani amehamishwa. Twafanya hivyo kwa viwanja na kwa magari na kwa madeni ya samani. Je, itakuwaje meza irudishiwe jalada lake kwa tarehe, na mtoto asirudishwe kwa fundi?

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maazimio matatu.

La kwanza. Kila mwanachama atoe shilingi 1,000 kwa mwezi kwa mfuko wa nauli, na fedha hizo zisitumiwe kwa kazi nyingine yoyote. Mfuko ulipe nauli ya mtoto na mtu mzima mmoja mpaka karakana na kurudi, na matengenezo ya magango. Nao usiwe wa watoto wa makarani na walimu peke yao, bali hata wa matarishi, walinzi na wafagizi, maana hao ndio wanaolala njiani kwa kukosa nauli.

La pili. Chama kiandike barua kwa waajiri wetu, kwa adabu lakini kwa maneno wazi, kuomba ya kuwa mtumishi mwenye mtoto anayetibiwa viungo apewe ruhusa kwa tarehe alizoandikiwa na fundi, na kabla ya kuhamishwa iangaliwe umbali wa kituo kipya na karakana. Hatuombi upendeleo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imekwisha kutambua haki ya watu hawa kupata matibabu na misaada ya kuwawezesha. Twaomba tu uhamisho wa mzazi usiiondoe haki ambayo sheria imempa mtoto.

La tatu. Kila tawi liwe na daftari moja, la kuandika mtoto, tarehe aliyopimwa, tarehe aliyopokea, na tarehe ya kurudi. Katibu wa tawi amkumbushe mzazi mwezi mmoja kabla. Mzazi akihamishwa, ukurasa wake unakiliwe upelekwe tawi jipya pamoja na barua ya fundi, kama tufanyavyo kwa karatasi za mshahara.

Wengine watasema fedha ni haba. Ni kweli, na ndiyo sababu twaomba haba kwa kila mtu, tukikumbuka kijazwavyo kibaba. Wengine watasema, mimi sina mtoto wa namna hiyo. Twamjibu kwa heshima ya kuwa homa ya kichwa haichagui nyumba, wala uchungu uliokawia haujui cheo. Na wengine watasema ngojeni tupate mkutano mwingine. Kwa jambo la majengo tungekubali. Kwa jambo hili twasema hapana, maana tangu mkutano uliopita mpaka huu watoto tuliowaandika wamekwisha kukua, na magango ya baadhi yao yamekwisha kuwa madogo.

Majina ya watoto hao tumeyaandika katika karatasi tuliyompa Bwana Katibu, na mbele ya kila jina tumetia tarehe ya kurudi kwa fundi. Tarehe ya kwanza haifiki mbali, ni baada ya wiki 3 tangu leo. Twamwomba Bwana Mwenyekiti ayaweke maazimio haya mbele ya mkutano, moja moja, na kura zihesabiwe kabla hatujatawanyika.